Mkate wa kumimina huharibika kabla haujafika motoni

Mkate wa kumimina ukitoka bapa, ukadoda katikati, au ukawa na matundu juu na tabaka la wanga mbichi chini, anayeanza hulaumu moto. Atabadilisha jiko, atanunua sufuria nyingine, ataulizia joto la oveni kwa kila mtu. Mara nyingi moto hauna kosa. Mkate huu wa mchele na tui la nazi, ambao wengine huuita mkate wa sinia, unaamuliwa kwenye kuroweka, kusaga na kuumua. Moto unakuja kufichua kilichokwisha kufanyika bakulini.

Sababu iko kwenye mchele wenyewe. Unga wa ngano ukikandwa hutoa utando unaonata na kuvutika, na utando huo ndio unaoshika hewa ya hamira. Ndiyo maana mkate wa ngano husamehe makosa mengi. Mchele hauna utando huo. Vipovu vya hamira hushikiliwa na uzito wa rojo, pamoja na msaada mdogo wa ute wa yai, basi. Rojo likiwa jepesi, vipovu hupanda na kupasuka huku wanga ukituama chini. Likiwa zito mno, vipovu hushindwa kulisukuma na mkate hupasuka juu. Kazi yote inayofuata ni kutafuta uzito ulio kati ya hayo mawili.

Vipimo vya kuanzia, kwa sufuria yenye upana wa sentimita 24 na kina cha sentimita 5 au 6, ni hivi: mchele vikombe 2 (kama gramu 400 ukiwa mkavu), tui mililita 300, sukari gramu 150, hamira kavu kijiko 1 cha chai kilichosawazishwa, iliki ya kusaga nusu kijiko cha chai, ute wa yai 1, wali uliopikwa vijiko 2 vya kulia, chumvi kidogo ya kubana kwa vidole viwili, na mafuta vijiko 2 vya kulia kwa ajili ya sufuria. Hakuna unga wa ngano humo. Wapo wanaotia kijiko kimoja cha ngano ili kushikanisha, lakini wali uliopikwa unafanya kazi hiyo vizuri zaidi: wanga wake umeshaiva na kuvimba, hivyo hulipa rojo unene bila kuubadilisha mkate ladha.

Usitafute mchele wa bei. Chenga za sokoni zinafaa sana, kwa kuwa hulowa haraka na kusagika laini. Harufu ya mchele wa Kyela au pishori ya Mwea ni nzuri kwenye wali, ila hapa nazi na iliki zitaifunika, kwa hiyo ni hasara tupu. Walioko Muscat au London watumie basmati, haina tatizo. Uepuke mchele mgumu wenye rangi ya manjano, ule uliochemshwa ungali na maganda. Husagika kwa shida na huacha changachanga mdomoni.

Osha mchele mpaka maji yatoke meupe kidogo tu, kisha uroweke saa 8. Mahali pa joto badilisha maji mara moja, la sivyo mchele utaanza kutoa harufu. Ili kujua umelowa, bana punje kwa kucha: inapaswa kuvunjika na kuwa unga, bila kiini kigumu katikati. Halafu uchuje, na hapa ndipo wengi wanapoteleza. Wanaukung'uta mara mbili na kuutia kwenye blenda. Maji yanayobaki katikati ya punje yanaweza kufika robo kikombe, nayo hayamo kwenye vipimo vyako. Uache kwenye chujio dakika 10 kamili.

Kwa tui, nazi kubwa moja iliyokunwa na mililita 250 hadi 300 za maji ya uvuguvugu itatoa tui la kwanza la kutosha. Tui la kopo huwa zito. Chukua mililita 200 za kopo uongeze maji mililita 100. Kuna imani kwamba tui likizidi uzito ndivyo mkate unavyozidi utamu. Utamu utaongezeka kweli, lakini mafuta yakizidi mkate unakuwa mzito na unaacha vidole vikiteleza. Joto la tui nalo lipime: tumbukiza kidole, uhesabu mpaka 10. Ukiona joto la kuudhi, subiri. Hamira huanza kufa joto likikaribia nyuzi 55 hadi 60, na rojo la hamira iliyokufa halitaumuka hata ulisubiri mpaka kesho.

Anza kusaga kwa mililita 250 za tui. Zile 50 ziweke pembeni, utazihitaji kurekebisha. Gawa mchele mara mbili, blenda ikijaa sana haisagi bali inazungusha tu. Saga dakika 2, pumzisha dakika 2, saga tena. Mapumziko hayo yana sababu mbili: kuilinda mashine, na kulipoza rojo, kwa sababu visu vikizunguka muda mrefu rojo hupata joto. Chukua tone usugue kati ya kidole gumba na cha shahada. Ukihisi chochote kinachokwaruza, rudisha. Chenga ambazo hazikusagika haziwezi kuelea. Zitazama chini na kufanya lile tabaka gumu ambalo watu hudhani ni la kuungua. Baada ya hapo ndipo utie wali, iliki na chumvi, na mwisho kabisa hamira, uizungushe sekunde 10 tu.

Wengi husaga kila kitu pamoja, sukari ikiwemo, na mkate hutoka. Lakini kwa anayeanza ni heri sukari ingoje. Sukari nyingi huipunguza hamira kasi, na jambo kubwa zaidi, sukari ikiyeyuka rojo linakuwa jepesi. Gramu 150 zikiingia, rojo lililokuwa sawasawa linageuka uji. Kwa hiyo kabla ya sukari rojo lionekane zito kidogo kuliko unavyotaka: zito kuliko uji wa kunywa, jepesi kuliko rojo la kaimati. Inua kijiko juu. Litiririke kama utepe, na alama ya utepe ibaki juu ya rojo kwa kuhesabu 3 kabla ya kuzama. Alama ikizama papo hapo, ongeza kijiko cha wali usage tena. Isipozama kabisa, ongeza lile tui uliloweka, kijiko kimoja kimoja.

Muda wa kuumua hauwezi kuwa mmoja kwa watu wote. Mombasa au Unguja mchana, dakika 45 hadi 60 zinatosha. Arusha mwezi wa Julai inaweza kuchukua saa 2. Walio Ulaya na Kanada wakati wa baridi waweke bakuli ndani ya oveni iliyozimwa, taa yake ikiwaka, au juu ya beseni la maji ya vuguvugu. Badala ya kutazama saa, jaza rojo kidogo kwenye glasi iliyonyooka, ifunge ukanda wa mpira usawa wa rojo, uiweke jirani na bakuli. Likifika mara mbili ya ukanda, tayari. Juu ya bakuli utaona vipovu vidogo vilivyosongamana. Uso ukiwa umebonyea na harufu ya pombe imeanza kupanda, umechelewa: rojo limechacha na nguvu ya hamira imekwisha. Usilazimishe mkate hapo. Punguza sukari kidogo, upike vibibi kwenye kikaango, havihitaji kuinuka sana na uchachu kidogo hauvidhuru.

Rojo likiumuka, tia sukari laini (ile ya chenga kubwa isage kavu kwanza) pamoja na ute wa yai uliopigwa kwa uma mpaka ukatoa povu. Koroga kwa mwiko taratibu. Litashuka, usiogope. Liache dakika 15 hadi 20 mpaka vipovu virudi juu. Kiini cha yai kiache kwa kazi nyingine, kwani kinaleta shombo na rangi ya manjano, na watu wataudhania mkate wa mayai ambao ni kitu kingine kabisa.

Sasa moto. Sufuria iwe nzito. Tia mafuta, izungushe yafike pembeni, uiweke kwenye moto wa wastani mpaka tone la rojo likidondoshwa litoe sauti mara moja. Mimina rojo lote kwa mkupuo bila kulikoroga tena bakulini, maana kila unapokoroga unapasua vipovu. Sufuria ikiwa baridi, rojo litashika chini na mkate hautatoka mzima. Punguza moto papo hapo, funika, uache dakika 10 hadi 12. Kingo zitaganda kwanza na matundu madogo yataanza kuonekana juu, katikati pakiwa bado panatikisika.

Hapo palia. Kwenye jiko la mkaa, ondoa makaa mengi chini ubakishe matatu au manne, mengine yote yaweke juu ya kifuniko cha bati, ukiyatandaza zaidi pembeni kuliko katikati. Makaa yakiwa mekundu mno yanyunyizie jivu. Vifuu vya nazi vina moto mkali unaokwisha upesi, vyema kwa kumalizia rangi ya juu, vibaya kwa kuivisha. Dakika 12 hadi 15 zinatosha. Mwenye oveni aipashe kwanza nyuzi 180. Baada ya kuanzia jikoni aingize sufuria isiyo na mpini wa plastiki kwa dakika 20 hadi 25, na kama juu bado ni peupe awashe moto wa juu dakika 2 huku amesimama hapo hapo. Sukari na tui huungua ghafla. Kijiti kikichomwa katikati kitoke bila rojo, ingawa unyevunyevu kidogo ni wa kawaida.

Ukikosea, mkate wenyewe utakuonyesha ulikokosea. Matundu makubwa machache na chini pamegandamana ni rojo jepesi. Juu pamepasuka na ndani hakuna matundu ni rojo zito, au halikuumuka. Umeinuka vizuri kisha ukadoda baada ya kutolewa: uliumuka kupita kiasi, au umetolewa kabla katikati hapajaganda. Chini peusi na juu pabichi ndilo kosa la moto peke yake katika orodha hii, na dawa yake ni kuhamisha makaa juu mapema zaidi. Rojo likikushinda kwa uzito kabla ya kumimina, chuma cha vitumbua kitalipokea. Rojo zito kidogo huko si aibu.

Usiukate ukiwa moto. Wanga wa mchele ukiwa na joto hunata kwenye kisu na utadhani haujaiva, uurudishe motoni na kuukausha bure. Uache ndani ya sufuria dakika 10, zungusha kisu pembeni, upindue juu ya sahani, kisha usubiri kama saa nzima. Kwa futari ya Ramadhani upike alasiri mapema, usikimbizane na adhana. Friji haiufai, kwani baridi huukaza wanga na mkate kuwa mgumu siku hiyo hiyo. Uache mezani umefunikwa kitambaa na uliwe ndani ya siku moja, kwa sababu una nazi. Kipande kilichokauka kipashe kwa mvuke dakika 3 au 4 juu ya sufuria ya maji yanayochemka, kifuniko ukikivisha kitambaa ili matone yasidondokee mkate.