Usukani mgumu baada ya kubadilisha kingpini za lori

Kaka, unashuku pampu ya stering (inayosukuma mafuta ya kulainisha usukani), ila iache kwanza. Kama ugumu ulianza siku ile ile kingpini (pini ambazo tairi za mbele hugeukia) na bushi mpya (mikebe ya chuma inayoshika pini) zilipoingia, tatizo liko hapo hapo. Inua ekseli ya mbele kwa jeki, iweke kwenye stendi, matairi yaelee. Fungua draglinki (fimbo inayotoka stering boksi) upande wa mkono wa stering ulio kwenye tairi, kisha sukuma tairi kwa mkono kulia na kushoto. Likikataa, ni kingpini, au tairodi endi (viungo vya fimbo inayounganisha tairi mbili za mbele) zilizokaza. Likienda laini, hapo ndipo uangalie stering boksi na pampu.

Mara nyingi bushi zilipigwa ndani bila kupitishwa rima (kifaa cha kuchonga tundu lifikie kipimo). Bushi ikishaingia hubana kidogo, kwa hiyo lazima ichongwe mpaka pini ipite kwa kusukumwa na mkono. Ikihitaji nyundo, bado. Hakikisha pia tundu la bushi limeelekeana na la nipo (chuchu ya kupigia grisi), la sivyo grisi haifiki kwenye pini. Beringi ya uzito (inayobeba mzigo wa ekseli) nayo ikigeuzwa juu chini, au shimu (vipande vyembamba vya kujazia nafasi) zikizidi, inakaza.

Grisi pigeni ekseli ikiwa juu. Lori likiwa chini, uzito unaibana beringi na grisi haipenyi.

Ila kama springi pia zilifunguliwa, tazama kabari zake (vipande vya mshazari kati ya springi na ekseli): zikigeuzwa, pembe ya ekseli inabadilika na usukani unaweza kuwa mzito hata kingpini zikiwa sawa.

Usipande mlima wa Mazeras, barabara ya Mombasa–Nairobi, na kontena kabla stering haijalegea. Stering isiyorudi yenyewe kwenye kona ni hatari.