Kabla hujachagua bastola, usikilize mkono wako: ushauri kwa wanaoanza

Swali la "bastola ipi ni nzuri?" haliishi uwanja wa shabaha, na jibu hutegemea aliyeulizwa ana mkono wa namna gani. Mwenye kiganja kipana na vidole virefu atakuapia kwamba hakuna kama Beretta 92. Mwembamba aliye kando yake atakwambia ile ni ubao wa kushikia mlango. Wote wawili wanasema kweli, kila mmoja kwa mkono wake. Ndiyo maana nawaomba ninyi mnaoanza msiende dukani mkiwa na jina la bastola mlilopewa na rafiki. Nendeni na mkono wenu na maswali machache.

Kwa sisi wa Kenya jambo hili lina uzito wa ziada. Cheti cha silaha chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, hutaja silaha yenyewe, pamoja na namba zake. Ukigundua baadaye kwamba mpini unakuchubua, huwezi kuirudisha kama viatu vilivyobana. Unarudi kwa Bodi ya Leseni na kuanza upya kujaza fomu. Afadhali upoteze majuma kadhaa ukijaribu silaha za uwanjani chini ya mwalimu kuliko kukaa miaka na kitu usichokipenda.

Dukani bastola ni tupu, imetulia, na unaishika kwa nusu dakika. Hali hiyo hupendelea mpini mnene wa mviringo unaojaa kiganja, na hapo ndipo watu wengi husema "hii imekaa" na kutoa pesa. Uwanjani mambo ni mengine. Bastola hupiga teke kwenda nyuma na juu, jasho linatoka, na mpini ule wa mviringo unaanza kuzunguka mkononi. Mpini wenye pande bapa kidogo, ambao dukani ulionekana mkavu, huenda ndio unaobaki mahali pake. Jaribio langu ni jepesi: piga risasi tano mfululizo bila haraka, kisha, mdomo wa bastola ukiwa bado umeelekea kwenye shabaha, tazama mkono. Kama uko palepale ulipouweka, mpini huo unakufaa. Kama baada ya kila risasi unalazimika kuushika upya, usinunue, hata kama unahisi raha kiasi gani.

Sasa tuje kwenye kipimo ambacho wageni wengi hawakijui, nacho ni umbali kutoka mgongo wa mpini hadi triga, yaani kile kidude cha kufyatulia risasi. Shika bastola (tupu, umeikagua mwenyewe mara mbili, mdomo umeelekea mahali salama) ili panda iliyo kati ya dole gumba na kidole cha shahada ikae juu kabisa nyuma ya mpini, na mtutu unyooke sambamba na mfupa wa mkono. Halafu, bila kuugeuza mkono, peleka kidole kwenye triga. Nyama ya ncha ya kidole, ile ya pingili ya kwanza, inapaswa kutua juu yake. Ikiwa ukucha tu ndio unaogusa, mpini ni mkubwa kwako. Utajikuta unauzungusha mkono ili ufike, na hapo teke lote linaishia kwenye mzizi wa dole gumba badala ya kwenda moja kwa moja kwenye mkono. Maumivu ya dole gumba ninayoyasikia yakilalamikiwa mara nyingi huanzia hapo, wala si ukali wa risasi.

Kuna mtego hapa kwa wapenzi wa Ceska, yaani bastola za CZ. CZ 75, iliyobuniwa Chekoslovakia katika miaka ya 1970 na ndugu wawili wa familia ya Koucký, ina mpini ambao hata wanaoipinga wanausifu: umeingia ndani pale juu, umepanuka taratibu kuelekea chini, na mkono hupanda wenyewe hadi mahali pake. Lakini triga yake ina sehemu mbili za kukaa. Nyundo, kile kipande cha nyuma kinachopiga ili risasi ilipuke, ikiwa imevutwa nyuma, triga hurudi karibu na kidole. Nyundo ikiwa chini, triga iko mbali zaidi na ni nzito. Mwuzaji akikupa ikiwa na nyundo nyuma, utaona imekufaa kabisa, kumbe risasi ya kwanza utaipiga kwa umbali ule mwingine ikiwa unaibeba nyundo chini. Mwombe uipime katika hali zote mbili.

Pembe ya mpini nayo huzua ugomvi usioisha. Mpini wa bastola za Glock umelala nyuma zaidi kuliko ule wa 1911, bastola ya zamani ya Jeshi la Marekani, tofauti ya digrii chache tu, lakini mkono huihisi. Ukitaka kujua wako unapenda ipi, chukua silaha tupu, tazama ukuta salama, fumba macho, inua bastola kama unayelenga, kisha fumbua. Kilengeo cha mbele kikiwa kimechomoza juu mno, mkono wako unataka mpini uliosimama wima zaidi; kikiwa kimezama, unataka uliolala. Hata majeshi yalibishana juu ya hili. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia Jeshi la Marekani liliifanyia marekebisho 1911 yake katika miaka ya 1920: triga ikafupishwa, fremu ikachongwa nyuma ya triga ili vidole vifupi vifike, na sehemu ya chini ya mgongo wa mpini ikatiwa tumbo ili mdomo usielekee chini. Leo wapiga shabaha wengi wameurudia mgongo bapa wa mwanzo. Maoni yangu ni kwamba pembe ni jambo linalozoeleka kwa mazoezi, ila umbali wa triga hauzoeleki, kwa sababu vidole havirefuki.

Viwanda vimelikubali somo hilo polepole. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Glock walitia mifereji ya vidole mbele ya mpini kwenye kizazi chao cha tatu. Aliyebahatika vidole vyake vikaingia humo alifurahi. Wengine walikalia matuta. Kizazi cha tano kilipotoka mwaka 2017 mifereji ilikuwa imeondolewa. Tangu kizazi cha nne, cha mwaka 2010, mnunuzi anapata pia migongo ya kubandika: mpini mtupu ndio mdogo, kisha kuna ya kuongeza milimita mbili na ya milimita nne. Milimita mbili ukiziona kwenye rula utacheka, lakini kidole kitazijua. Heckler & Koch walikwenda mbali zaidi kwa VP9 ya mwaka 2014: migongo mitatu na vibao vitatu vya kila upande, yaani michanganyiko 27. Ukinunua bastola ya namna hii, usiiache kama ilivyotoka kwenye sanduku. Wengi huiacha, na ile migongo mingine hukaa kabatini mpaka silaha inauzwa.

Ukakasi wa mpini ni suala la hali ya hewa kuliko watu wanavyodhani. Mpini mkali unaokwaruza ni neema siku ya mazoezi huko Mombasa, mkono ukiwa umelowa jasho. Lakini ukiubeba kiunoni mchana kutwa chini ya shati jepesi, ngozi ya ubavuni italalamika na bitana ya koti italiwa. Hapo huna budi kuchagua: silaha ya uwanjani iwe kali, ya kubeba iwe laini kidogo. Dawa ya bei ya chini ipo pia, kipande cha tyubu ya baiskeli kilichovishwa kwenye mpini. Hushika vizuri, ila huongeza unene, na usipokikata sawasawa hufunika kitufe cha kutolea magazini, kile kikasha cha risasi. Chochote cha kuchonga au kupasha moto plastiki mpelekee fundi mwenye leseni, na pasiguswe popote karibu na namba ya silaha.

Kwa dada zetu, na kwa yeyote mwenye mkono mdogo, nina neno moja: jihadharini na huruma ya wanaume dukani. Watawaletea kibastola kidogo kuliko vyote kwa sababu "kinafaa mkono wa mama". Bastola ndogo ni nyepesi, na nyepesi hupiga teke kali zaidi kwa risasi ileile. Tena mpini wake ni mfupi, kidole cha mwisho kinaning'inia hewani, na nguvu ya kushika inapungua. Mkono mdogo unahitaji mpini mwembamba, wala si lazima uwe mfupi. Glock 48, kwa mfano, ina magazini ya kina kirefu lakini ni nyembamba, na vidole vyote vinapata pa kukaa. Kweli, mpini mrefu ndio sehemu ngumu zaidi kuificha chini ya nguo, ngumu kuliko mtutu, na hapo kila mtu atapima mwenyewe anavyovaa. Mimi ningebadilisha nguo kabla ya kufupisha mpini.

Wenye mikono minene nao wana adha yao. Browning Hi-Power ya mwaka 1935 ina mpini mtamu sana kwa bastola ya magazini ya risasi 13, lakini nyundo yake ya zamani hujulikana kwa kuuma ile panda ya mkono kila inaporudi nyuma. Watu wa mashoto waangalie vitufe, na wajihadhari na mipini ya mbao yenye kibao cha dole gumba, kwani mingi huchongewa mkono wa kulia.

Na risasi zako zikianza kwenda chini kushoto, usikimbilie kulaumu mpini. Kwa mtu wa mkono wa kulia hiyo mara nyingi ni kukaza kiganja kizima wakati wa kuvuta triga, na hakuna mgongo wa kubandika utakaoiponya. Mwombe mwalimu akuwekee risasi bandia moja, isiyolipuka, katikati ya magazini bila kukwambia ipo wapi. Mdomo ukitumbukia chini ilhali hapakutoka risasi, tatizo si la fundi. Ukishalimaliza hilo, rudi kwenye migongo yako, badilisha mmoja kwa wakati, na piga karatasi nzima kabla ya kujaribu mwingine. Kisha hakikisha bado unaichomoa vizuri kwenye ala, maana mgongo ukinenepa, mkono hutua mahali pengine.