Waya za plagi za bei mbaya kwenye gari ya zamani: zinalipa au unanunua rangi?

Wenye Corolla 110, Carina, Starlet na wengine wote ambao injini zao bado zina waya za plagi wananiuliza sana hili swali. Mtu kaenda dukani, kaonyeshwa seti nyekundu inayong'aa, nene kuliko aliyonayo, bei mara tatu ya zile za kawaida, kaambiwa gari itakuwa nyepesi na mafuta yatapungua, je achukue? Mimi nasema hapana, ila usikimbilie na zile za bei chee kabisa. Chukua za daraja la kiwandani, NGK au Denso au za Toyota mwenyewe, zisizo na mbwembwe, hakikisha tu sio feki maana boksi lenye jina kubwa siku hizi sio kigezo, na chenji inayobaki ina kazi nyingine nitaisema huko chini. (Wenye IST, Vitz na Passo pumzikeni, kwenu kila plagi imekaliwa na koili yake juu, hamna hizo waya.)

Gari yangu ni Carina Ti, injini 5A, na nimeshaifunga aina zote tatu. Za bei chee ziliwasha gari vizuri tu, shida ikaja kwenye mipira ya vichwani, ilikakamaa mapema na kupasuka, unavuta ili utoe plagi kichwa kinabaki shimoni unaanza kuhangaika na koleo ndefu. Za bei mbaya sikuona kosa lake, zilikaa vizuri na mpira wake mzuri kabisa wa silikoni, ila nguvu ya ziada niliyoahidiwa sikuiona. Mlima Kitonga ilipanda kwa kujikongoja kule kule. Nilipokuja kufunga za kiwandani gari ikatulia vile vile, resi haichezi, asubuhi inawaka mara moja, na hela niliyolipa haifiki nusu.

Ukielewa waya inafanya nini hutashangaa. Koili inachukua volti 12 za betri inazipandisha mpaka maelfu ya volti, 20,000 na zaidi, ili moto uruke pale kwenye mwanya wa plagi. Sasa kinachoamua zihitajike volti ngapi ni ukubwa wa mwanya na mgandamizo ndani ya silinda, sio waya. Volti ikishatosha kuvuka mwanya moto umesharuka, hautaruka mara mbili kwa sababu waya imetoka Marekani. Kazi ya waya ni kufikisha tu bila kuvujisha njiani, basi. Na ule unene wa milimita 8 badala ya 7 wanaousifia ni mpira wa nje, kile kinachopitisha umeme kule ndani hakijanenepa.

Halafu kuna hili la "resistance ndogo" wanalosifia wauzaji, yaani ukinzani mdogo kwa umeme unaopita. Waya nyingi za kiwandani ndani hazina shaba, zina uzi uliopakwa kaboni, na ule ukinzani umewekwa makusudi ili umeme mkubwa usisumbue redio na kontrolo boksi (kompyuta ya injini). Toyota kwenye injini hizi za distributa (kile kinachogawa umeme wa koili kwa kila waya) wanaruhusu mpaka kiloomu 25 kwa waya moja, yaani gari imetengenezwa ikijua kabisa kwamba ukinzani upo. Ukifunga zile za shaba tupu utasikia kwenye redio mluzi unaopanda na kushuka na resi, hiyo ndo faida utakayopata, na kwenye injini yenye kompyuta unaweza kujitafutia usumbufu mwingine juu yake. Hata ile herufi R kwenye namba za plagi za NGK, mfano BKR5E, maana yake plagi ina ukinzani ndani kwa sababu hiyo hiyo.

Mwenye Starlet Glanza ya turbo kapandisha boost (presha ya upepo wa turbo) sina ubishi naye, mgandamizo ukiwa mkubwa volti zinazohitajika zinapanda na joto chini ya boneti ni jingine, mpira mzuri unamsaidia. Wewe wa kwenda kazini na kurudi Mbagala, hapana.

Kuhusu mafuta, waya mbovu kweli zinakula mafuta, silinda ikimisi, yaani moto usiporuka, petroli inatoka haijaungua inaenda kuchoma masega (kile kichujio cha moshi) kwenye ekzosi. Ukibadilisha ulaji unashuka. Lakini hapo gari imerudi ilipokuwa, na ingerudi hivyo hivyo kwa seti ya kawaida, sasa mtu anatoa zilizochoka anafunga za bei mbaya anaona mabadiliko anaanza kuwahubiria wenzake.

Kabla hujanunua chochote hakikisha kwanza waya ndo mgonjwa. Subiri usiku, paki mahali penye giza, funga handbreki, washa, fungua boneti uzime taa zote, halafu chukua ile chupa ya kupulizia maji upulizie ukungu mwepesi juu ya waya, kwa mbali na bila kugusa kitu, huo umeme haufai kuchezewa. Waya iliyochoka utaona vicheche vya bluu vinarukia chuma cha injini na mlio wa tik tik, na hapo hapo gari inaanza kutetemeka. Ndo maana gari nyingi za hivi zinasumbua asubuhi za masika, jua likitoka zinapona zenyewe. Mchana zima gari, chomoa waya moja moja, pima kwa mita, inayozidi hizo kiloomu 25 au isiyosoma kabisa imekwisha.

Na ukichomoa angalia mpira. Kwenye hizi injini za Toyota 4A na 5A plagi zimekaa chini kwenye mashimo marefu katikati ya tapeti kava (kifuniko cha juu cha injini), sili za mashimo zikizeeka oili inajaa humo, mpira unalowa unavimba, umeme unavujia pembeni. Hapo hata ukifunga waya za dhahabu zitaoga oili hiyo hiyo, na ndo ile chenji niliyosema inapokwenda: sili za tapeti kava na mashimo, plagi mpya zenye mwanya sahihi (ile -11 mwishoni mwa namba ni milimita 1.1), kifuniko cha distributa na rota yake kama vimeungua. Mwanya ukishatanuka kwa plagi kuchoka unalazimisha volti kupanda, na hiyo ndo inamaliza waya. Kama gari imeanza kumisi baada ya kuoshwa injini, usinunue kitu kabisa, mwambie fundi apulize upepo kwenye mashimo yakauke kwanza.

Kufunga ni kazi ya dakika chache. Injini iwe imepoa, shika kichwa cha mpira uzungushe kidogo ndo uvute, usivute waya. Vile vibanio vya plastiki vinavyotenganisha waya mafundi wetu wanapenda kuvitupa, wewe virudishe, visipokuwepo waya zinalaliana, moto wa silinda moja unavujia nyingine. Badilisha moja moja ukilinganisha urefu, usitoe zote kwa pamoja, maana kwenye distributa zinafuata 1-3-4-2 na wengi wakishazitoa wanarudisha 1-2-3-4, gari inagoma au inapiga mabomu, halafu lawama anabebeshwa muuza waya.