Maswali ya Wasomaji: Kicheza Kaseti Kinachoyumbisha Sauti

SWALI
Ndugu Mhariri, marehemu baba aliniachia kicheza kaseti kidogo cha kubeba mkononi, pamoja na kaseti alizorekodi mwenyewe za maulidi na harusi za ukoo wetu. Nilipokiwasha juzi baada ya miaka mingi, sauti ilikuwa nzito na yenye kuyumba, upande wa kulia ukasikika kwa mbali tu, na fundi niliyemwonyesha akasema kanda zimekwisha, nizitupe. Je, ni kweli?
Msomaji, Tanga

JIBU
Ndugu msomaji, nakusihi usitupe hata kaseti moja kabla hujaijaribu katika redio kaseti nyingine iliyo nzima, kwa sababu dalili ulizozieleza ni za mashine zaidi kuliko za kanda.

Kanda hutakiwa kupita mbele ya hedi, yaani kile kipande cha chuma kinachosoma sauti iliyo kwenye kanda, kwa mwendo usiobadilika wa sentimita 4.76 kwa sekunde. Katika vicheza kaseti vingi vya aina hii, nguvu ya mota hupitishwa na belti ya mpira, nyembamba kama tambi, inayozungusha gurudumu la chuma lenye kazi ya kutuliza mwendo. Mpira huo hulegea kwa umri hata kama mashine ilikaa kabatini tu, na wakati mwingine huyeyuka ukawa ute mweusi unaonata vidoleni kama lami. Weka kwanza betri mpya. Sauti ikibaki vilevile, mwombe fundi abadilishe belti, naye asifunge mpya kabla hajaufuta ute wote wa ile ya zamani.

Udhaifu huu umetokana na umbo lenyewe. Walkman ya kwanza ya Sony, kicheza kaseti cha kubeba kilicho mfano wa hiki chako, iliyoanza kuuzwa Japani mwezi Julai 1979, haikuwa na spika wala sehemu ya kurekodia, na ilikuwa na matundu mawili ya hedifoni ili watu wawili wasikilize pamoja, jambo ambalo mimi naliona la kiungwana sana. Lakini ili mashine za namna hii ziwe nyepesi, ilibidi gurudumu nalo liwe dogo, na ndiyo maana nyingi huyumbisha sauti hata pale aliyezibeba anapokimbia.

Kuhusu upande wa kulia, jaribu hedifoni nyingine. Tatizo likiendelea, fungua mlango uitazame hedi: kama ina vumbi la kahawia, hilo ni vumbi la kanda lililogandia usoni pake. Lowanisha kijiti cha pamba kwa alkoholi safi ya isopropili, isiyo na mafuta wala manukato, usugue taratibu, na ubadilishe vijiti hadi pamba itoke nyeupe. Usikwangue kwa kisu, wala usitumie petroli. Kile kigurudumu cha mpira kinachobana kanda kifute kwa kitambaa chenye maji kidogo, kwani alkoholi huweza kuukausha mpira.

Pwani yetu ina unyevu, kwa hiyo kagua pia kanda zenyewe kupitia kidirisha cha kaseti. Ukiona ukungu mweupe, usiicheze kaseti hiyo, kwa maana itauambukiza ukungu huo kwenye hedi na kwenye kaseti zitakazofuata. Zile zilizo salama, vunja vijilimi viwili vya plastiki vilivyo mgongoni mwa kila moja, ili mtu asije akarekodi juu ya sauti ya baba yako kwa bahati mbaya.