Rye na mama, kwa siku moja

Dada, umeuliza kama Rye, ule mji mdogo wa kale kusini mashariki mwa Uingereza, inafaa kwa siku moja kutoka London ukiwa na mama anayesumbuliwa na magoti. Inafaa sana. Pandeni treni St Pancras, mbadilishe Ashford. Mtafika baada ya saa moja na kitu. Mermaid Street, ile inayopigwa picha na kila mtu, ni mteremko wa mawe ya mviringo, na mvua ikinyesha unateleza vibaya. Mama aitazame kutoka juu, asishuke kabisa. Mpeleke kanisa la St Mary: saa ya mnara wake ni ya karne ya 16, na kengele zake ziliporwa na Wafaransa walipouchoma mji mwaka 1377. Mwaka uliofuata watu wa Rye na wa mji jirani wa Winchelsea walivuka bahari wakazirudisha! Mnarani panda wewe, ngazi ni nyembamba. Ukiwa juu utaona bahari ilivyojitenga na mji. Palipokuwa maji sasa kondoo wanalisha. Mkitaka ufukwe wa mchanga, pandeni basi la Camber pale stesheni. Bebeni makoti hata kama ni Julai, upepo wa kule ni mkali.