Kinga laini nimeitoboa kwa meno, ninunue nyingine?

SWALI: Assalaam aleikum daktari. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Likoni. Mume wangu kila siku ananambia usiku nasaga meno mpaka anaamka, ati sauti ni kama mtu anakuna nazi kwenye mbuzi. Asubuhi taya zimekaza, mapanja yanauma, na juzi gego limebanduka kipembe nikila kashata. Mamangu asema ni minyoo, nishakunywa dawa mara mbili na wapi. Nikanunua kinga ya meno ya dukani ya kuvaa usiku, ile ya plastiki laini unaitia maji moto halafu unaing'ata, haijamaliza mwezi ishatoboka. Ninunue nyingine ama?

JIBU: Waaleikum salaam dadangu. Usinunue nyingine. Hebu itazame vizuri hiyo iliyotoboka, pale penye tundu ndipo nguvu yote ya taya inapoangukia, na bila ile plastiki ingekuwa ni jino ndio linalika, na ganda la jino likishaisha halimei tena kama kucha. Tena kuna watu ukiwawekea kitu laini wanazidi kukitafuna kama chingamu, wanaamka taya zauma zaidi.

Wewe wahitaji ile ya plastiki ngumu iitwayo akriliki, ya kutengenezewa na daktari wa meno. Ni ghali kuliko ya dukani, ulizia bei mapema, lakini hukaa miaka. Ila kwanza hilo gego lizibwe, manake ukichukuliwa kipimo leo na ukaziba jino baadaye kinga haitaingia. Kipimo chenyewe hakiumi, unawekewa trei yenye kitu kizito kama uji wa mtoto, dakika chache kinaganda na kutoka na chapa ya meno yako yote. Siku ya kuichukua tafadhali usiwe na haraka ya kuwahi feri, daktari akung'atishe ile karatasi ya rangi, aone wapi panagonga kabla ya kwengine, apasage, mpaka kulia na kushoto kuguse sawa. Hapo pakirukwa utaiacha kabatini wiki ya pili, nimeona sana na huniuma.

Siku za mwanzo mate yatajaa na itabana kidogo, vumilia. Lakini ukiamka meno hayakutani kama kawaida na hali hiyo inaendelea, rudi irekebishwe. Ioshe kwa maji baridi, sabuni ya maji na mswaki laini, maji moto yataipinda, na kwa joto letu hili usiiache kwenye gari. Iweke kwenye kijisanduku chake, usiifunge kwa tishu itatupwa na taka.

Minyoo sio, wacha hizo dawa. Ila kinga yalinda meno tu, haikomeshi kusaga, kwa hivyo kahawa tungu ya usiku ipunguze, na kama kuna miraa, sigara au mawazo mengi mwambie daktari wazi. Dawa za msongo wa mawazo pia nyengine husababisha kusaga meno, lakini usiache mwenyewe.

Na mumeo muulize kitu kimoja zaidi: ukilala wakoroma, halafu pumzi yakatika kidogo ndio unashtuka? Akisema ndio, daktari ajue kabla ya kipimo, hapo huenda ni njia ya hewa inaziba na kinga peke yake haitaitibu.