Mshahara wa mama mzazi utoke mfuko gani?

Binti alikuwa amejibu maswali yote vizuri. Nilikuwa natafuta mtu wa kunishikia hesabu za biashara yangu ndogo, na nilikuwa nimebakiza kumwambia tu aanze Jumatatu. Ndipo jicho langu likatua kwenye pete. Ilikuwa mpya, naye alikuwa akiizungusha kwa kidole gumba kama mtu ambaye bado hajaizoea. Kabla hajamaliza kuongea nilikuwa nimeshapiga hesabu zangu: ameolewa juzi, mwakani atabeba mimba, miezi mitatu nitamlipa hayupo, na wa kumshikia nafasi nitamlipa vilevile. Kazi nikampa kijana wa kiume.

Mimi, mama wa watoto wawili. Mimi niliyerudi kazini mwanangu wa kwanza akiwa na wiki saba.

Mjadala wa likizo ya uzazi ukianza, watu hujipanga upesi: waajiri wakatili huku, akina mama wanyonge kule. Mimi nimekaa pande zote mbili za meza ile, na ninachokiamini sasa ni kwamba gharama hii iwe ya jamii nzima, ilipwe na mfuko wa pamoja. Mwajiri akiachiwa mzigo peke yake ataumwagia kwa binti mwenye pete mpya, tena dhamiri isimsute. Mimi haikunisuta siku ile. Ilichukua miezi.

Nilipojifungua nilikuwa kwenye mkataba wa miezi sita sita, ule unaohuishwa bosi akipenda. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na wafanyakazi sita, na kwa hiari yake alinilipa nusu mshahara kwa wiki sita. Ya saba akapiga simu kuuliza hali ya mtoto, akanyamaza kidogo, akauliza naonaje kuhusu kurudi. Nikarudi. Mshono ulikuwa bado unavuta kila nikiinuka kitini.

Maziwa nilikuwa nakamua stoo, nimekaa juu ya boksi la karatasi, mgongo nimeuegemeza mlangoni kwa sababu mlango haukuwa na kitasa. Siku moja tuko kwenye kikao na mteja, mtoto wa watu akalia huko nje dirishani. Mwili haujui huyu ni wa nani. Maziwa yalitoka, nikahisi blauzi inalowa, nikalikumbatia faili kifuani hadi mwisho wa kikao. Nilikubali kila alichoomba mteja yule ili tumalize haraka. Kuna punguzo nililompa siku hiyo ambalo bosi hakuwahi kuelewa lilitoka wapi. Mwezi wa tatu maziwa yalikauka kabisa. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi sita. Ushauri huo ulikuwa umebandikwa ukutani kliniki, nikausoma nikiwa nimeshika kopo.

Wazo la kulipia likizo hii kwa pamoja watu hulisema kama kitu cha kigeni cha juzi. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1919 ulishasema mama asifanye kazi wiki sita baada ya kujifungua, awe na haki ya kupumzika hadi wiki sita kabla, na posho yake itoke kwenye fedha za umma au bima. Mwaka 2000 shirika hilohilo lilipitisha mkataba mwingine, namba 183: wiki zisizopungua 14, na malipo, kama yanakokotolewa kwa kipato chake, yasipungue theluthi mbili. Lakini kipengele ninachokipenda mimi ni kile kinachosema kwamba, ili kulinda nafasi ya wanawake kwenye soko la ajira, malipo yatoke kwenye bima ya lazima ya jamii au fedha za umma, na mwajiri mwenyewe asibebeshwe moja kwa moja, isipokuwa pale sheria au makubaliano ya nchi yalivyoamua vingine. Walioandika hivyo walimjua mtu kama mimi kabla sijafungua biashara.

Nchi nazo zimechukua njia mbalimbali. Marekani sheria ya taifa ya mwaka 1993 inatoa wiki 12 bila mshahara, na kwa kampuni binafsi inaanzia zile zenye wafanyakazi 50 kwenda juu. Wa ofisi yenye watu sita angeishia kwenye boksi la karatasi kama mimi. Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mama miezi mitatu kwa mshahara kamili, jambo jema, ila mlipaji ni mwajiri. Sweden tangu 1974 likizo ni ya wazazi wote wawili, inalipwa na bima ya jamii. Leo ni siku 480 kwa mtoto, na 90 kati yake ni za kila mzazi peke yake, hawezi kumwachia mwenzake. Kipande hiki cha baba mimi nakiona kizito kuliko wingi wa siku. Siku ambayo kijana wa kiume naye anaweza kuondoka kwenda kulea, pete haitanisaidia kuchagua.

Watu huniuliza: mtoto ni wako, kwa nini mimi nisiye na mtoto nichangie? Swali la haki kabisa. Jibu langu ni kwamba pensheni nyingi hulipwa na michango ya walio kazini wakati huo. Utakapostaafu, atakayekuwa anakatwa mshahara ili wewe ulipwe ni mtoto wa mtu, aliyelelewa na mtu usiku wa manane.

Pingamizi linaloninyima usingizi ni jingine. Niliporudi kazini, mwanangu alibaki na dada wa kazi. Dada huyo alikuwa amemwacha mwanawe wa miezi mitano kwa mama yake ili aje kumbeba wangu. Mfuko unaotegemea makato ya mishahara haumfikii yeye, wala anayeuza sokoni, wala kibarua. Ndiyo maana nasema michango peke yake haitoshi, fedha ya kodi iingie humo, hata kama ni posho ndogo ya kiwango kimoja kwa kila mama. Wakati ule sikuliona hili. Nilikuwa namlalamikia bosi wangu huku nami ni bosi wa mtu.

Sasa, sheria hazibadiliki kwa wakati wa mimba yako. Kama unatarajia, nenda kaangalie michango yako kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii leo, usisubiri mwezi wa nane wa mimba, kwa sababu mifuko mingi hudai idadi fulani ya miezi iliyochangiwa, na wapo waajiri wanaokata bila kupeleka. Taarifa ya ujauzito itoe kwa maandishi, ubaki na nakala iliyosainiwa. Usikubali likizo ya uzazi ichanganywe na ya mwaka kabla hujasoma sheria inasemaje. Na uliza mapema habari ya kunyonyesha: mkataba ule namba 183 unataka mama apewe mapumziko ya kila siku au apunguziwe saa, na muda huo uhesabiwe kuwa kazi. Omba chumba chenye kitasa. Unaweza kucheka, lakini omba.

Wewe mwajiri mdogo, nakuonea huruma ya kweli, ila anza kutenga kidogo kila mwezi kwa ajili ya yeyote atakayekosekana, awe mzazi au mgonjwa. Fundisha kila kazi watu wawili. Halafu piga kelele kwenye vyama vyenu mfuko wa pamoja uanzishwe, maana anayeokolewa kwanza na mfuko huo ni wewe.

Yule kijana aliondoka baada ya miezi minane, kwa taarifa ya siku tatu. Nafasi ilikaa wazi wiki tisa, na hesabu za miezi hiyo mpaka leo zina mashimo. Nilitafuta namba ya yule binti, nikampigia. Akanishukuru kwa kumkumbuka, akasema alishapata kazi kwingine. Nilitaka kumuuliza kama ana mtoto. Nikakata simu.